Walipopandisha Bei ya Milima ya Baba

Nyumbani kwetu Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kuna ghala dogo la kahawa ambalo halijaona gunia kwa muda mrefu. Ndani yake kuna baiskeli isiyo na gurudumu la nyuma, imefungwa kwenye mashine ya chuma inayoishika isianguke, na mbele yake kuna runinga. Ukikaa juu ya baiskeli hiyo ukaanza kupiga pedali, runinga inakuonyesha barabara, na barabara ikianza kupanda, mashine nayo inakaza mpaka uusikie mlima kwenye mapaja. Husogei hata kidogo. Unatoka jasho, unahema, unasema maneno usiyoyasema mbele ya mchungaji, halafu unashuka palepale ulipopandia. Mara ya kwanza kuiona nilisema hiki ni kitu cha watu wasio na ng'ombe wa kukatia majani.

Baiskeli ni ya baba. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mkaguzi wa kahawa, na kwa baiskeli hiyo na zile zilizoitangulia aliwafikia wakulima mmoja mmoja, leo huku kwetu, kesho Sanya Juu, keshokutwa vijiji vya juu ambako hata punda anajifikiria. Alifika mpaka Kahe kusikoota kahawa, kwa sababu shemeji yake alikuwa na shamba la mpunga huko, na pilau ya nyumba ile haikuwa ya kukosa. Alipostaafu hakushuka kwenye baiskeli. Alistaafu kazi tu.

Kilichomshusha ni presha ya macho. Macho yalianza kufunga pembeni, polepole, na yeye hakumwambia mtu. Tulijua siku tulipomtoa kwenye mfongo, ule mfereji wa maji unaopita chini ya kanisa, akiwa amelowa mpaka kofia. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama rimu imepinda. Daktari akasema barabarani basi, na mimi, niliyekuwa nimeacha shughuli zangu Dar na kurudi kukaa naye baada ya mama kutangulia, ndiye niliyeitundika ile baiskeli kwenye boriti za ghala. Tangu siku hiyo akawa anakaa barazani anasikiliza baiskeli za wenzake zikipita.

"Huyo mnyororo wake umekauka," anasema. Baada ya kitambo: "Huyo hana breki ya nyuma, na anateremka hivyo hivyo."

Hakulalamika hata mara moja. Angelalamika ingekuwa nafuu kwangu.

Basi kaka yangu aliye ughaibuni akatuma ile mashine pamoja na programu ya mazoezi inayokwenda nayo. Programu yenyewe ni kama mwalimu. Inajua umri wako na uzito wako, inakupangia zoezi la kila siku, na ukifaulu la leo, la kesho inaliongeza. Tarakimu za kwenye kioo baba hakuweza kuzisoma, lakini rangi alikuwa bado anaziona. Juu ya kioo kuna ukanda mpana: ukifikisha nguvu uliyopangiwa unakuwa wa kijani, ukipungua unageuka mwekundu. Alfajiri ya kwanza baba alipanda, akapiga pedali mpaka ukanda ukawa kijani, kisha nikamsikia anaimba wimbo wa kanisani, ubeti wa pili, ule ambao watu wengi huwa hawaujui. Nilikwenda kulia kwenye zizi la ng'ombe, ambako hakuna anayeuliza.

Mvumo wa mashine ukawavuta majirani. Wa kwanza alikuwa mwenye bucha ya pale njia panda, aliyeambiwa hospitalini kwamba kitambi chake kinamtangulia mahali pabaya. Akafuata kijana mmoja anayeongoza wageni mlimani, ambaye msimu wa mvua kubwa wageni wakikosekana miguu inamwasha. Wa tatu ni muuguzi mmoja, mtu wa Kahe aliyepanga karibu nasi, anayesema akitoka zamu bila kutoa jasho atamwuma mtu. Na mimi pia, ndiyo, niliyecheka nikapanda.

Sasa hapa ndipo tulipofanya jambo ambalo sidhani kama lingefanywa na watu wengine wowote. Huku kwetu ng'ombe si lazima akae kwa mwenyewe. Mwenye ng'ombe wengi humpeleka mmoja kwa jirani: jirani anamlisha, anakamua maziwa, anapata samadi ya migomba, na siku ya kuchinja kila mmoja anakijua kipande chake bila kuambiwa. Tukaiweka ile programu kwa utaratibu huo huo. Ng'ombe ni mmoja, amelala kwa baba, kila mtu anakuja na kibuyu chake kwa zamu, na ada ya mwezi tunachanga. Ilisajiliwa kwa jina la baba, umri wa baba, uzito wa baba. Baba alipanda alfajiri, muuguzi akitoka zamu, yule wa mlimani mchana, mwenye bucha akifunga duka, na mimi baada ya kukamua jioni. Tuliona tumepanga vizuri sana. Hata muuguzi, ambaye kazini hawezi kumpa mgonjwa kidonge bila kuuliza jina mara mbili, hakuona kasoro.

Ujumbe wa kupandisha ada ulikuja asubuhi moja nikitoka zizini. Uliandikwa kwa maneno matamu kama ya mtu anayeleta posa: walitushukuru kwa kuwa pamoja nao, wakaeleza jinsi walivyohangaika kuboresha huduma, na huko chini kabisa, ambako msomaji mvivu hafiki, wakasema kuanzia mwezi ujao ada inapanda. Na si kupanda kwa aibu. Mimi nina hasira za karibu, kijiji kizima kinajua. Nilisema neno moja kwa sauti, na ng'ombe akaacha kutafuna akaniangalia.

Nikautupa ujumbe kwenye kundi letu la simu. Mwenye bucha haandiki, yeye hutuma sauti. "Aisee, hawa watu wamekula nini? Baiskeli yetu, jasho letu, umeme wetu! Wao wanatuuzia nini, mlima? Mlima si huu hapa!"

Yule wa mlimani akatuma picha ya Kilimanjaro, umekaa mweupe bila wingu, na chini akaandika: "Huu bado bei ya zamani."

"Kwa nani?" akajibu muuguzi. "Waulize wageni wako."

Siku hiyo sikufanya kazi ya maana. Niliingia kwenye ule ukumbi wa mtandaoni ambako wateja wa programu ile huongea, nikakuta dunia nzima inawaka moto. Mmoja aliapa kuondoka kabla ya jua kuzama. Mwingine alisema amekuwa nao tangu mwanzo, na sasa anajisikia kama mume aliyerudi nyumbani akakuta kufuli limebadilishwa. Mwingine aliwatetea, akawaambia wenzake waache kulia kama watoto, kwa sababu nyongeza yenyewe haizidi bei ya vikombe viwili vya kahawa. Hilo la mwisho nilimsomea baba mezani, akiwa anakunywa mtori, supu yetu ya ndizi.

Aliweka kijiko chini. "Kahawa ya nani?"

"Ya huko kwao, baba. Ya hotelini."

"Kikombe kimoja cha huko ni kilo ngapi za kwetu?"

Sikumjibu, kwa sababu jibu lake lingeharibu mtori. Lakini baba hakuwa na hasira. Akasema kwa sauti ambayo nakiri ilikuwa na heshima ndani yake: "Unajua, miaka yangu yote kwenye kahawa sijawahi kuona muuzaji akipandisha bei. Sisi bei tulikuwa tunatangaziwa. Kama mvua. Hawa wamewezaje?"

Nilitegemea tukasirike wote wawili. Nikajikuta nakasirika peke yangu, na kazi ya wawili inachosha.

Jumapili tukakutana uani kwetu kulijadili. Mwenye bucha ni Mkatoliki, misa yake huisha mapema, kwa hiyo sisi Walutheri tuliporudi tulimkuta amewasha moto, amechoma ndizi na amekula zilizoiva kwanza. "Mchungaji wenu leo amehubiri mpaka Ufunuo?" akauliza. Akamwamkia baba shikamoo, akampa ndizi iliyomenywa, kisha akafungua kikao bila kuombwa.

Msimamo wake ulikuwa tuondoke. Kwanza alipendekeza kijana fulani wa Moshi mjini ambaye inasemekana anaweza kufungua programu yoyote ikatumika bure. Muuguzi akamwuliza kama ataungama kabla au baada. Akaiacha hiyo, akashika nyingine. "Mimi nyama ikipanda namwambia mteja uso kwa uso. Ananitukana uso kwa uso. Tunamaliza, anabeba nyama yake. Hawa wananipandishia huku wananiita rafiki!"

"Na maini?" nikamwuliza. "Maini uliyapandisha lini, na ulimwambia nani?"

"Maini ni kitu kingine kabisa."

Yule wa mlimani alikuwa upande wa kubaki. Alisema mgeni wake mmoja alimweleza kwamba vitu vyote vya aina hiyo sasa hupanda, ukihama huku unapandishiwa kule. Muuguzi alitaka kujua kama bei ile ni ya nyumba au ya kichwa kimoja, na hakuna aliyemsikiliza. Mimi nilisema mengi, siyakumbuki vizuri, ila nakumbuka nilikuwa nimesimama.

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, kidevu juu ya fimbo. Tulipoishiwa pumzi akasema, "Acheni. Mwezi ukiisha, ifungeni. Mimi nimeichoka."

Hakuna kati yetu aliyewahi kumsikia akisema amechoka kitu chochote chenye pedali. Mwenye bucha, ambaye moyo wake ni mkubwa kuliko akili yake ya wakati, alidhani ni mambo ya mchango. Akasogea karibu. "Meku," akasema, kama tunavyowaita wazee wetu huku, "sehemu yako nitaitoa mimi. Tena kwa furaha."

Uso wa baba ukafunga. "Mlima huu nimeuzunguka kwa miguu yangu. Sijawahi kubebwa na mtu, na wewe hutakuwa wa kwanza." Akainuka, akapapasa ukuta mpaka mlangoni, akaingia ndani. Ndizi zilizobaki ziliungua, na mwenye bucha hakuzigusa, ndipo nikajua kwamba ameumia kweli.

Kesho yake alfajiri sikusikia mvumo kutoka ghalani. Nilikamua huku nasikiliza, hakuna. Nikampelekea baba chai, nikamkuta amekaa kitandani, amevaa vizuri, kofia mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa. Nikamwambia kwamba kama ni pesa aseme, na kama ni mwenye bucha nitampeleka akaombe radhi sasa hivi.

"Ni nyekundu, mama," akasema. Huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Tangu mvua za masika. Naanza tu, nyekundu. Najikaza mpaka moyo unapiga kooni, bado nyekundu. Nikasema labda ni siku moja. Kila siku. Uliponiambia wamepandisha bei nikamshukuru Mungu, nikasema hii ndiyo sababu nzuri, nishuke bila watu kujua. Macho yalitangulia. Sasa miguu imefuata."

Nikamwambia si kweli, ana nguvu. Akanigusa mkono, kwa upole, kama ambavyo angemgusa mkulima aliyemletea kahawa mbovu akiamini ni nzuri.

"Mtu akiisha, ameisha," akasema. "Si lazima aambiwe na runinga kila siku."

Nilimpenda baba yangu pale mpaka ikanikasirisha. Nilitoka, nikafungua kompyuta, nikawaandikia wale watu. Nilianza na ada. Nikaja kwenye vikombe viwili vya kahawa, nikawaeleza kahawa hiyo inatoka wapi na anayeilima anapata nini. Halafu nikafika kwenye jambo lenyewe: kwamba mashine yao imemdhalilisha mzee aliyepanda milima ya kweli kabla wao hawajajua kutembea, kwamba imempa nyekundu mpaka ameamini amekufa miguu, na sasa wanataka tuwaongezee pesa kwa kazi hiyo. Nikaituma bila kuisoma tena. Hasira hasara, nilifundishwa, lakini siku hiyo niliona hasara ni yao.

Walijibu kwa ufupi. Waliomba kuongea na mteja mwenyewe kwa simu, wakataja Jumamosi alasiri. Nikawaita wenzangu wote waje kuwa mashahidi, maana vita ni wingi. Mwenye bucha alikuja na aproni yake ya kazi, akakaa mbali kidogo na baba. Tukaiweka simu juu ya benchi la barazani, sauti juu. Baba hakuutaka mkutano ule, lakini simu ilipoita alivua kofia.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, si msichana, na amechoka. Kiingereza cha baba ni cha mkaguzi wa zamani, kila neno limepigwa pasi. Huyo mama alianza kwa kuomba radhi kuhusu bei. Alisema uamuzi haukuwa wake, yeye kazi yake ni kupokea simu na barua, na kwa kweli wiki ile alikuwa amepokea mengi.

"Pole sana," baba akamwambia. "Watu wamekutukana?"

"Wengi, mzee wangu."

"Hata wa nyumba hii?"

"Wa nyumba hiyo," simu ikasema, "aliandika vizuri kuliko wengi."

Muuguzi alikohoa. Mimi nikaangalia migomba.

Kisha yule mama akasema kwamba kabla ya kupiga amefungua kumbukumbu za mazoezi za baba, na amebaki na mshangao. Katika wateja wote wa umri ule hajaona kitu kama hicho. Unapanda alfajiri, akasema. Unapanda tena ukiwa kama umetoka kupumzika. Mchana unapanda milima kwa nguvu ambayo vijana wetu hawana. Jioni tena, na jioni tena. Hupumzishi mwili hata siku moja. Tangu miezi michache iliyopita nguvu yako ya mchana imeongezeka mno, na programu imekuwa ikikuongezea mzigo ili ikufuate. Alfajiri tu ndiyo unashindwa, na hilo ndilo wasilolielewa. "Tafadhali, mzee," akasema, "pumzika. Tunaogopa utaumia."

Muuguzi aliweka mkono mdomoni. Yule wa mlimani aliyaangalia mapaja yake kana kwamba yamekamatwa yakiiba. Ni kweli, masika ile wageni hawakuwepo na yeye alishinda ghalani kwetu. Mwenye bucha, ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye kilo, alinivuta mkono. "Anasemaje? Anashusha?"

Masharti ya programu ile ni jina moja, mtu mmoja. Nilijua. Nikaanza kumpungia baba mikono anyamaze, nikisahau kwamba haoni upande huo, na hata kama angeona, yeye ni mzee wa kanisa.

"Mama," akasema kwenye simu, pole pole. "Huyo unayemsifu si mtu mmoja. Ni watu watano."

Halafu kikaja kicheko, kicheko kirefu cha mtu ambaye hajacheka wiki nzima, mpaka sisi nasi tukaanza kucheka bila kujua kama tumesamehewa. Baba peke yake hakucheka. Alitugeukia, akasema neno kwa Kimachame, kisha akalirudia kwa Kiswahili kwa ajili ya muuguzi.

"Kumbe si miguu yangu."

Mwenye bucha nilimfasiria yote kwa kunong'ona, na nilipofika hapo alivua aproni yake akaikunja vizuri mapajani, sijui kwa nini. Macho yake yalikuwa yamejaa.

Yule mama alipotulia akaeleza kwamba kila mtu anatakiwa awe na jina lake. Kuna kifurushi cha familia, akasema, ghali kuliko tulivyokuwa tunalipa, lakini nafuu kuliko kila mtu kujilipia peke yake. Bei haikushuka hata kidogo, na niseme wazi kwamba mpaka leo siku ya kulipa nanung'unika. Mwenye bucha alitaka nimwulize kama kuna bei ya jumla. Sikuuliza. Lakini baba alikuwa na swali lake.

"Niambie kitu kimoja," akasema. "Mliwezaje kupandisha bei?"

Yule mama hakuelewa. Akasema gharama zao zilipanda, basi wakapandisha.

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Baba akatikisa kichwa, akambariki, akamtakia wateja wenye adabu, na simu ikakatwa.

Asubuhi ya Jumatatu, kabla hakujapambazuka vizuri, nikasikia hodi. Walikuwa wote watatu. Yule wa mlimani ameshika jani la isale limefungwa fundo. Isale ndio mmea tunaoupanda mipakani na kwenye makaburi ya wazee wetu. Jani lake likifungwa fundo likapelekwa kwa uliyemkosea, huyo hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Ni jambo zito. Watu huenda nalo kwa ajili ya mashamba, kwa ajili ya damu. Sijawahi kusikia limepelekwa kwa ajili ya programu ya mazoezi.

"Shikamoo, Meku," yule wa mlimani akasema. "Tumekubebesha miguu yetu."

"Na mimi nilikutolea pesa mbele za watu," mwenye bucha akaongeza, akiangalia chini. Muuguzi, ambaye si wa mila hiyo, alisema tu, "Nisamehe, baba. Ningeuliza jina."

Baba alilipokea jani kwa mikono miwili. Alilipapasa, akalifikia fundo, akalizungusha kwa kidole gumba. "Kosa ni la nani hapa?" akasema. "Si tulikubaliana wote? Na mimi nilinyamaza. Ningesema nyekundu siku ya kwanza tungejua siku ya pili." Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa. "Isale kwa ajili ya runinga! Wazee wangewachapa." Lakini hakulirudisha. Tukanywa chai sote, mwenye bucha alikuwa amekuja na maini, na hakusema bei.

Siku hiyo hiyo nilimsajili baba upya. Programu iliuliza umri, nikaandika. Ikauliza uzito, tukabishana kidogo, nikaandika. Ikataka kwanza apande kwa siku chache bila kupangiwa chochote, ili imjue, na yeye akakubali kama mtu anayepimwa koti.

Siku ya zoezi la kwanza alilopangiwa yeye peke yake, alinitaka nimtafutie mlima unaofanana na ule wa kutoka njia panda kuja nyumbani. Nikatafuta, nikaupata mmoja wa nchi nisiyoijua, mrefu, unaopanda bila kuchoka. Jani la isale alikuwa amelifunga kwenye usukani. Akaniambia niende nikakamue, hataki kuangaliwa.

Nilikwenda. Nikakaa kwenye kigoda, nikaanza. Mvumo ulikuja kutoka ghalani, wa chini kwanza, halafu ukabadilika, ukawa mzito, nikajua barabara imeanza kupanda. Hakukuwa na kuimba. Nikavumilia kadiri nilivyoweza, kisha nikamwacha ng'ombe na maziwa nusu, nikaenda kusimama mlangoni.

Baba alikuwa ameinama, shati limeshikana na mgongo, jani linatikisika mbele yake. Lazima alisikia buti zangu, kwa sababu hakugeuka.

"Mama, upo hapo?"

"Nipo, baba."

"Niambie ukweli." Alikuwa anahema. "Ni kijani, au macho yananidanganya?"

Nilisogea mpaka karibu na kioo, nikautazama ukanda.

"Ehe?"

"Ni kijani, baba. Ni kijani yote."

"Basi usinisemeshe," akasema, akashusha gia. "Huku kunapanda."